Ratiba ya Kalasi ya Nyumbani: Miezi Minne Kati ya Shule Mbili

(Kiashirio cha kipindi. Muziki unashuka taratibu.)

Kama uko kwenye kikundi cha wasikilizaji, mmoja asome kwa sauti na wengine mfuate. Kama uko peke yako, chukua kalamu na karatasi. Leo tutahesabu.

Mada yetu ni kalasi ya nyumbani: majirani wanapokusanya watoto wao na kuwafundisha wenyewe. Tunaulizwa mara nyingi, "Watoto tumewakusanya, mwalimu tumempata, lakini baada ya wiki mbili kila kitu kimesambaratika. Juu ya nini?" Mara nyingi watu hawajachoka. Kilichokosekana ni ratiba inayolingana na maisha yao. Tuipange pamoja.

Sehemu ya kwanza: Shimo liko wapi

Tangu Agosti 2017 familia nyingi zimevuka kutoka Haut-Katanga na Tanganyika na kuingia upande huu wa Ziwa Mweru. Zilipokelewa kwanza Kenani, hapa Nchelenge, na Januari 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa. Watoto walikuja na karatasi za alama mfukoni, au bila hata hizo.

Sasa angalia kalenda. Kongo mwaka wa masomo unaanza Septemba na kumalizika katikati ya mwaka unaofuata. Zambia unaanza Januari na kwisha mapema Desemba, na umegawanyika katika mihula mitatu ya takriban wiki 13 kila mmoja. Mtoto aliyemaliza mwaka wa nne wa msingi kule, akafika hapa mwanzoni mwa Septemba, anakuta wenzake wako muhula wa mwisho. Darasa linajiandaa kwa mtihani, na yeye hajui hata lugha ya swali.

Hapo mtoto huyu hupoteza Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba. Miezi minne. Ni mingi kiasi kwamba mvulana anazoea kusaidia kubeba chisense sokoni Kashikishi, na msichana anazoeleka nyumbani kama mlezi wa wadogo zake. Januari ikifika, daftari limegeuka kuwa kitu cha watu wengine.

Tangu 2022 serikali ya Zambia imefuta ada katika shule zake za msingi na sekondari. Mlango huo ni mkubwa, ingawa nguo za shule na daftari bado ni mzigo wa nyumbani. Kwa hiyo naomba tuelewane mapema: kalasi ya nyumbani tunayoizungumzia leo haichukui nafasi ya shule. Ni daraja la kumfikisha mtoto Januari akiwa bado mwanafunzi. Kabla ya kuanza, nendeni mkamweleze mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, pamoja na viongozi wa sehemu yenu na ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi. Mwalimu mkuu akijua, atawaambia watoto wake wanasoma nini, na Januari hatashangaa kuwaona wenu.

Sehemu ya pili: Wazo hili si geni hapa

Kuna watu wanaodhani kusoma chini ya mti ni aibu ya wakimbizi. Sivyo. Zambia yenyewe ina shule za jamii tangu miaka ya 1990. Wazazi walikusanyika, wakatafuta mtu wa kufundisha, wakaanza na walichokuwa nacho.

Redio pia iliingia kazini. Mwaka 2000 wizara ya elimu ya Zambia ilianza kurusha kipindi kiitwacho Learning at Taonga Market. Kila kipindi kilikuwa cha nusu saa. Mtu mmoja wa jamii alikaa na watoto mbele ya redio. Sauti ya redio ikiuliza, watoto wanajibu. Ikisema imbeni, wanaimba. Mtu yule hakulazimika kuwa mwalimu mwenye diploma. Alitakiwa kuwepo kila siku, saa ileile, na kuhakikisha kila mtoto anajibu.

Tena ukitoka Nchelenge kwa barabara kuelekea Mwansabombwe, unapita Mbereshi. Hapo Mabel Shaw, mmisionari Mwingereza, alianzisha shule ya bweni ya wasichana mwaka 1915. Ndiyo ya kwanza ya wasichana katika nchi iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini. Wakubwa waliwalea wadogo. Mkubwa kumfundisha mdogo ni njia ya zamani katika bonde hili la Luapula, na leo tutaitumia.

Sehemu ya tatu: Pima kabla ya kupanga

Usianze kwa kuuliza, "Ulikuwa mwaka wa ngapi?" Mtoto aliyekimbia vita mara mbili anaweza kuwa na miaka 12 na asijue kusoma neno. Mwingine wa miaka 9 anasoma Kifaransa vizuri. Ukiwapanga kwa umri, wote wawili watachoka.

Pima kwa karatasi moja. Ndivyo wanavyofanya watu wa Uwezo, waliopima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda tangu 2009, wakienda nyumba kwa nyumba. Andika juu herufi kumi. Chini yake maneno kumi mafupi. Kisha aya ya sentensi nne. Mwisho hadithi fupi. Mtoto anasoma akiwa ameketi nawe, taratibu, bila wenzake kumcheka. Pale anapokwama ndipo unapomwanzia. Hapa Zambia kuna mpango unaoitwa Catch Up, ulioanza kwa majaribio 2016, na unafanya vivyo hivyo: unapima watoto wa darasa la 3 hadi la 5, unawagawa kwa kiwango wala si kwa darasa, na kuwapa saa ya ziada.

Fanya kipimo mara mbili, kwa Kiswahili au Kifaransa, halafu kwa Kiingereza. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni habari kubwa. Mtoto anayesoma hadithi ya Kiswahili lakini akakwama kwenye maneno ya Kiingereza anajua kusoma tayari. Anachokosa ni lugha. Usimrudishe kwenye a, e, i, o, u pamoja na wadogo.

Tuchukue mfano. Nyumba tano zina watoto 14. Baada ya kupima kwa Kiingereza tunapata makundi matatu:

Kundi la Herufi, watoto 5.
Kundi la Maneno, watoto 6.
Kundi la Hadithi, watoto 3.

Watu wazima wapo watatu. Mama mmoja anajua Kiingereza kidogo na alisomea ualimu. Kijana mmoja ana hesabu nzuri. Bibi mmoja hakwenda shule, lakini hadithi zake haziishi.

Sehemu ya nne: Saa za siku

(Muziki mfupi.)

Sasa kalamu. Saa tutaziandika kama simu inavyoonyesha, maana kati yetu wengine huhesabu kuanzia asubuhi na wengine kuanzia usiku wa manane, na mtoto akiambiwa "saa nane" tu hajui aje lini.

Kwanza usiandike masomo. Andika kazi za nyumbani. Nani anachota maji, na saa ngapi? Nani anachunga wadogo? Waulize wasichana wenyewe, usimuulize baba yao. Kama kalasi iko saa ya foleni ya kisima, ratiba yako imewafukuza wasichana bila kusema neno. Andika pia siku ya mgao, siku ya soko na siku ya ibada. Saa zinazobaki nyeupe kwenye karatasi ndizo za kalasi.

Tuseme zimebaki saa mbili mchana, kuanzia 14:00 hadi 16:00, Jumatatu mpaka Alhamisi. Saa mbili ni dakika 120. Gawa kwa tatu: vipindi vitatu vya dakika 40.

Weka kona tatu. Kona ya Kiingereza ni ya mama. Kona ya Hesabu ni ya kijana. Kona ya Kusoma na Kuandika kwa lugha ya nyumbani iko karibu na bibi, ambaye anatazama tu kwamba kazi inaendelea. Watu wazima hawahami. Watoto ndio wanaozunguka, hivi:

14:00 hadi 14:40. Herufi wako Kiingereza. Maneno wako Hesabu. Hadithi wako Kusoma.

14:40 hadi 15:20. Maneno wanakwenda Kiingereza. Hadithi wanakwenda Hesabu. Herufi wanakwenda kwa bibi, wanaandika mchangani kwa kidole.

15:20 hadi 16:00. Hadithi wako Kiingereza. Herufi wako Hesabu. Maneno wako Kusoma.

Umeona? Kila kundi limepita kila kona, na hakuna mtu mzima anayefundisha watoto 14 kwa pamoja. Anayekaa na kundi kubwa kabisa ana watoto sita.

Ijumaa iwe saa moja tu, wote pamoja. Bibi anasimulia. Watoto wawili wanasoma mbele ya wengine. Mnajaza daftari la mahudhurio. Msiiache Ijumaa, ndiyo inayowafanya watoto watamani Jumatatu.

Kama mtu mzima ni mmoja tu, mpango haufi. Yeye anabaki kona ya Kiingereza. Watoto wa Kundi la Hadithi wanapokezana kuwasimamia wadogo kwenye hesabu. Anayemfundisha mdogo kugawa anajifunza kugawa mara ya pili.

Sehemu ya tano: Wiki za muhula

Hesabu tena. Dakika 40 za Kiingereza mara siku 4 ni dakika 160 kwa wiki. Mara wiki 12, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Novemba, ni dakika 1,920. Hizo ni saa 32.

Lakini wewe unaishi hapa, unajua saa 32 hazitapatikana zote. Kutakuwa na msiba, malaria, mgao uliobadilishwa siku. Mwezi wa Novemba mvua zimeanza na kila mkono unatafutwa shambani. Ukipanga wiki 12 za masomo, kufikia wiki ya tano umechelewa, na mwalimu aliyechelewa huanza kukimbia, na watoto hubaki nyuma.

Kwa hiyo panga masomo ya wiki 9 ndani ya wiki 12. Fundisha wiki tatu, ya nne iwe ya kufidia. Wiki ya 4, ya 8 na ya 12 haziwekewi somo jipya. Kilichopotea kinarudishwa hapo. Kama hakuna kilichopotea, mnapima tena kwa karatasi ileile, na mtoto aliyepanda anahamia kundi la juu siku hiyohiyo. Mbele ya wengine, mpigieni makofi.

Kalenda ya ziwa nayo ina maana. Kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi unafungwa. Baba na kaka wanaoishi kwa nyavu wanakuwa nyumbani zaidi. Waombeni saa moja moja. Mvuvi anayejua kupima samaki kwa kilo na kuhesabu kwacha anaweza kusimamia kona ya hesabu.

Sehemu ya sita: Nini cha kufundisha

Somo linapangwa kuanzia mwisho. Jiulize: siku ya kwanza ya Januari darasani, mtoto huyu atatakiwa kufanya nini? Aelewe anapoambiwa kaa, simama, fungua kitabu, njoo ubaoni. Aandike jina lake na tarehe. Asome aya fupi. Afanye hesabu nne kwa namna ya shule ya hapa. Basi hayo ndiyo masomo yako. Miji mikuu ya Ulaya itasubiri.

Kwa mtoto aliyesoma Kifaransa, kuna mitego ambayo shule inaweza kudhani ni ujinga. Itegue mapema.

Mtego wa kwanza ni majina ya herufi. Kwa Kiingereza, herufi E inaitwa kwa sauti ya "i" yetu, na herufi I inaitwa "ai". Herufi G na J ni kama zimebadilishana majina kati ya lugha hizo mbili. Mwalimu akitaja herufi za neno, mtoto anaandika neno jingine kabisa. Wiki ya kwanza yote iwe ya majina ya herufi, kwa wimbo.

Wa pili ni alama za namba. Kule tuliandika mbili na nusu hivi: 2,5. Hapa wanaandika 2.5, na mkato wanauweka kwenye maelfu: 1,000. Mtoto akisoma 1,000 kwa jicho la Kongo anaona moja tu.

Wa tatu ni kugawa. Kule namba inayogawa tunaiandika kulia, na jibu chini yake. Hapa inakaa kushoto na jibu linakwenda juu. Hesabu ni ileile, mkao ndio umebadilika. Mwonyeshe mtoto mikao yote miwili kwenye ukurasa mmoja, mfano 84 kugawa kwa 4, aone mwenyewe kwamba zote zinatoa 21.

Na kuna zawadi pia. Mtoto wa Kongo anasema "septante" na "nonante". Kwa Kiingereza ni "seventy" na "ninety", mfuatano uleule. Mwambie hivyo, atacheka, na hatasahau.

Halafu Kibemba. Mtaala wa Zambia wa 2013 uliweka lugha ya mahali kuwa ya kufundishia kuanzia darasa la 1 hadi la 4, na hapa Luapula hiyo ni Kibemba. Kiingereza kilianzia darasa la 5. Mtaala mpya ulianza kuingia shuleni 2025, kwa hiyo muulize mwalimu mkuu kila darasa linafundishwa kwa lugha gani sasa. Kwa vyovyote, Kibemba ni lugha ya uwanja wa mpira na ya marafiki. Msikiogope. Kitabu ni "icitabo", vitabu ni "ifitabo". Mti ni "umuti", miti ni "imiti". Mtoto wa Kiswahili tayari ana nusu ya sarufi kichwani. Mwalikeni mzazi wa Zambia, jirani yenu, alete watoto wake Ijumaa. Wao watafundisha Kibemba, wenu watafundisha Kiswahili, na Januari mtoto wako ataingia darasani akiwa na mtu wa kukaa naye.

Kwa vijana wakubwa waliokuwa sekondari, mambo ni tofauti. Mtihani wa Zambia unasimamiwa na Baraza la Mitihani, na mtahiniwa lazima aandikishwe mapema kupitia shule au kituo kinachotambuliwa. Anza na swali hilo kabla ya kununua kitabu. Uliza tarehe ya kuandikishwa, masomo yanayohitajika na gharama. Panga kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo.

Sehemu ya saba: Daftari na usalama

Kila kalasi iwe na daftari moja. Ukurasa mmoja kwa kila mtoto: jina, siku alizokuja, alipoanza kwenye kipimo, alipofika. Mtoto aliyepoteza karatasi zake njiani hana cha kuonyesha shuleni. Ukurasa huo hauchukui nafasi ya cheti, lakini unampa mwalimu mkuu pa kuanzia anapoamua mtoto akae darasa gani. Daftari likae kavu, ndani ya mfuko wa plastiki.

Vifaa visiwazuie. Mchanga unaandikwa. Makala yanaandika juu ya ubao mweupe. Vifuniko vya chupa ni hesabu.

Na hili halina mjadala: watoto wasomee mahali pa wazi ambapo wapita njia wanaona. Wawepo watu wazima wawili, hata mmoja akiwa anasuka mkeka tu. Hakuna mwalimu kubaki peke yake na mtoto ndani ya nyumba, hakuna fimbo, hakuna mwanafunzi kutumwa kazi za mwalimu. Wazazi wakubaliane tangu siku ya kwanza mtoto akiona baya amwambie nani, na watoto wajue jina la mtu huyo.

Kazi ya wiki hii

(Muziki unapanda kidogo, kisha unashuka.)

Kabla ya kipindi kijacho, kikundi chako kifanye mambo matatu. Hesabuni watoto wasio shuleni katika nyumba zenu kumi za karibu. Chora karatasi ya kazi za nyumbani, saa kwa saa, mkitafuta zile saa nyeupe. Tumeni watu wawili kwa mwalimu mkuu.

Kisha jadilini: Katika sehemu yenu, ni saa ipi ambayo msichana wa miaka 13 yuko huru kweli? Nani kati yetu anajua kitu cha kufundisha na hajawahi kuombwa? Kama mvua inanyesha siku tatu mfululizo, tutasomea wapi?

Mpenzi msikilizaji, Septemba haisubiri. Mtoto aliyefika jana anaweza kuanza Jumatatu, saa 14:00, mchangani, na wenzake wanne. Januari akisimama kwenye mstari wa shule, mwalimu atamwambia fungua kitabu, naye atakifungua.

Nilikuwa mtangazaji wenu. Mkiwa na swali, mpeni kiongozi wa kikundi cha wasikilizaji, atatufikishia. Karatasi hii ukimaliza kuisoma usiifungie karanga. Mpe jirani.

Kwaherini. Shalenipo mukwai.

(Kiashirio cha kipindi. Mwisho.)